Shahada ni Ushahidi: Historia ya Masharti ya Shahada ya Kwanza Tanzania, Ikitazamwa kutoka Ilemela

1.0 Utangulizi

Kijana wa Ilemela anapotunukiwa shahada ya kwanza, jamaa zake husafiri kwenda kumshuhudia. Huketi chini ya turubai, humwona akipita amevaa joho, husikia jina lake likisomwa, hupiga vigelegele. Wasichokisikia ni masharti aliyoyatimiza hadi akasimama pale. Hata kama yangesomwa, wengi wao wasingeyafahamu, kwa kuwa tangu chuo kikuu cha kwanza kilipofunguliwa nchini masharti hayo yameandikwa aghalabu kwa Kiingereza.

Mhadhara huu unahusu masharti hayo. Hauyachukulii kuwa orodha ya kanuni ambayo mwanafunzi hupewa siku ya kwanza akaiweka kabatini. Unayachukulia kuwa historia. Hoja yake ni kwamba kila kipindi cha elimu ya juu nchini kimekuwa na jibu lake kwa swali moja: ni nani mwenye haki ya kutoa ushahidi kwamba mtu fulani ameelimika, na ushahidi huo uhusu jambo gani? Kiswahili kilikwisha kulitia swali hilo ndani ya neno lenyewe, kwa kuiita digrii shahada.

Ilemela imechaguliwa kuwa mahali pa kusimama na kutazama. Wilaya hiyo ya Mkoa wa Mwanza, ambayo manispaa yake ilianzishwa mwaka 2012 kutoka katika eneo la Jiji la Mwanza, iko ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Ndani yake mna Bwiru, penye shule za sekondari za wavulana na za wasichana, na mna Kirumba, ambako soko la Mwaloni huuza dagaa na samaki wakavu wanaofika hadi nchi jirani. Kwa miongo mingi, mtoto wa mwambao huu aliyetaka shahada alilazimika kuifuata mbali. Mtu aliye mbali na mlango huyaona masharti ya kuingia kwa uwazi zaidi kuliko yule aliyezaliwa ndani ya nyumba.

2.0 Maneno na Mizigo Yake

Kabla ya kuyaeleza masharti, hapana budi kuyatazama maneno. Shahada ni neno lenye asili ya Kiarabu, na ndugu zake katika Kiswahili ni shahidi, ushahidi na shuhudia. Muislamu hulijua kwanza kuwa ni tamko la imani, nguzo ya kwanza ya dini yake. Maana ya kielimu ilikuja baadaye, lakini haikulifuta wazo la msingi: shahada ni kauli ya mtu anayesema kwamba amelijua jambo na yuko tayari kulisimamia mbele ya wengine.

Digrii ni neno la ukoo mwingine. Limeingia kutoka Kiingereza, na chimbuko lake ni neno la Kilatini lenye maana ya hatua au ngazi. Tofauti hiyo si ndogo. Anayesema digrii anamfikiria mtu aliyepanda. Anayesema shahada anamfikiria mtu aliyeshuhudiwa. Aliyepanda anaweza kuwa amepanda peke yake, ilhali aliyeshuhudiwa ni lazima awe na shahidi.

Maneno mengine ya uwanja huu yametoka chuoni, kwa maana kongwe ya chuo. Katika mwambao wa Bahari ya Hindi chuo kilikuwa kitabu, kisha mahali ambapo watoto walifundishwa kuisoma Kurani. Mtoto aliyeisoma yote hadi mwisho alisemwa kuwa amehitimu, na kutoka hapo tumempata mhitimu wa leo. Sharti la kuhitimu chuo cha namna hiyo lilikuwa wazi kwa kila mtu: kitabu kilijulikana, mwalimu alijulikana, na siku mtoto alipomaliza, mtaa mzima ulijua alichokimaliza. Kwa wanazuoni waliosonga mbele kulikuwa na ijaza, yaani idhini aliyoitoa shehe kwa mwanafunzi wake ili naye afundishe kitabu fulani. Vyuo vikuu vya kale vya Ulaya navyo vilianza kwa jambo la karibu na hilo, kwani shahada zao za mwanzo zilikuwa idhini ya kufundisha.

Usemi shahada ya kwanza nao unastahili kutazamwa. Waingereza huiita kwa neno ambalo katika zama za kati lilimtaja mtu wa daraja la chini, awe askari mchanga au mwanafunzi ambaye bado hajawa bingwa. Kiswahili hakikulifuata jina hilo. Kilihesabu tu, kikasema ya kwanza. Hesabu hiyo ina faida yake. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mashariki ya ziwa, alisoma Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, akarudi na shahada ambayo kwa Kiingereza jina lake ni lile tunalolitafsiri leo kuwa uzamili. Lakini kwa desturi ya vyuo vikongwe vya Scotland, hiyo ndiyo shahada ya kwanza ya sanaa. Anayelitazama jina la Kiingereza atakosea daraja. Anayehesabu kwa Kiswahili hatakosea.

3.0 Shahidi Aliye Mbali: 1949 hadi 1970

Kabla ya uhuru, Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Mwanafunzi aliyefaulu sana alielekea Makerere, Uganda, chuo kilichoanzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Kwa mtu wa Mwanza, Makerere ilikuwa ng'ambo ya ziwa lake mwenyewe, na kwa ramani ilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam. Hata hivyo, hadi mwishoni mwa miaka ya 1940 Makerere haikutoa digrii, bali stashahada. Nyerere mwenyewe alitoka huko mwaka 1945 akiwa na stashahada ya ualimu.

Mwaka 1949 Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Chini ya mpango huo walimu wa Makerere walifundisha na kushiriki katika kutunga na kusahihisha mitihani, lakini shahada ilikuwa ya London, na London ndiyo iliyokuwa na kauli ya mwisho kuhusu viwango. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kilianza kwa mkondo huohuo. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 14, wakisomea katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata kikahamia Mlimani.

Masharti ya kipindi hiki yalikuwa machache na makali. Kwanza, kuingia: mwanafunzi amalize kidato cha sita na apate ufaulu mkuu katika masomo yasiyopungua mawili. Pili, kukaa: asome kwa miaka mitatu au zaidi kulingana na kitivo. Tatu, kutoka: afaulu mitihani ya mwisho, ambayo ilibeba karibu uzito wote. Shahidi katika mfumo huo alikuwa mtahini, na mtahini bora alidhaniwa kuwa yule asiyemjua mtahiniwa.

Wazo hilo lisidharauliwe. Mtahini asiyemjua mtahiniwa hampendelei mtoto wa mkubwa wala hamkomoi mtoto wa mvuvi. Shahada ya Dar es Salaam iliyothibitishwa London iliheshimiwa Nairobi, Lagos na London kwenyewe, na nchi changa ilihitaji wanasheria ambao hakuna mtu angethubutu kuutilia shaka usomi wao. Lakini shahidi huyo aliona jambo moja tu: maandishi yaliyofanywa kwa saa chache ndani ya ukumbi. Hakuulizwa kama mhitimu angekubali kupangwa kazi kijijini, wala kama angeweza kumweleza baba yake alichokisoma.

4.0 Shahidi wa Jirani: 1966 hadi Katikati ya Miaka ya 1980

Swali hilo lilizuka kwa kishindo tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu walitumikie Taifa kwa miaka miwili, na kwamba sehemu kubwa ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi waliandamana kupinga. Rais Nyerere aliwapokea Ikulu, akawasikiliza, kisha akawarudisha makwao wanafunzi 393. Siku hiyohiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mgogoro huo husimuliwa aghalabu kama ugomvi wa mishahara. Kwa upande wa historia ya masharti, ulikuwa ugomvi kuhusu shahidi. Wanafunzi walisema kwamba mtihani umekwisha kuwashuhudia. Serikali ilisema kwamba wananchi waliowasomesha bado hawajatoa kauli yao.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kauli ya wananchi ilianza kuingizwa ndani ya masomo yenyewe. Liliwekwa somo la lazima kwa wanafunzi wa fani zote, ambalo baadaye lilijulikana kama Taaluma za Maendeleo, na taasisi yake ikaundwa mwaka 1973. Mwanafunzi wa uhandisi na wa isimu wote walitakiwa kulifaulu. Kwa mara ya kwanza, umahiri katika fani ya mtu pekee haukutosha kumpatia shahada; alipaswa pia kuonyesha kwamba anaielewa jamii atakayoitumia fani hiyo. Wakati huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimekwisha kusimama peke yake, tangu tarehe 1 Julai 1970.

Hatua kubwa zaidi ilichukuliwa kandoni mwa Ziwa Viktoria. Mnamo Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma. Azimio la Musoma linakumbukwa zaidi kwa kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, lakini liligeuza pia njia ya kwenda chuo kikuu. Mhitimu wa kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda moja kwa moja. Alipaswa kwanza kumaliza mwaka mmoja wa Jeshi la Kujenga Taifa, kisha kufanya kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na baada ya hapo kuombewa nafasi kwa mapendekezo ya mwajiri wake na ya chama mahali pa kazi.

Hapa neno shahada lilirudi kwenye maana yake ya asili kuliko wakati wowote. Kijana aliyetoka Bwiru na matokeo mazuri hakutakiwa tu kuwa na cheti cha mtihani. Alitakiwa kuwa na watu waliomwona akiamka asubuhi, akifika kazini, akigombana na kupatana na wenzake, nao wakasema: huyu apelekwe. Mfanyakazi aliyekwisha kuona maisha aliingia darasani na maswali ambayo mtoto wa shule asingekuwa nayo. Hayo ni mafanikio ambayo hayapaswi kusahauliwa kwa sababu tu sera yenyewe imepita.

Hata hivyo, udhaifu wake ulionekana mapema. Waombaji walipungua, hasa katika sayansi, kwa kuwa aliyeachana na hesabu kwa miaka mitatu hakuzirudia kwa urahisi. Wanawake waliathirika zaidi: katika miaka hiyohiyo ya kusubiri waliolewa, walizaa, na njia ikajifunga. Baada ya miaka michache wao waliondolewa sharti la kazi, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 utaratibu wote uliachwa. Kulikuwa pia na tatizo la kimaumbile ambalo kanuni yoyote isingeliondoa. Shahidi aliye mbali hamjui mtu. Shahidi aliye karibu anamjua, na kwa hiyo anaweza kumpenda, kumchukia au kumwogopa.

5.0 Shahidi wa Hesabu: Tangu Miaka ya 1990

Kipindi cha tatu kilileta vyuo karibu na ziwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 1994, kilimwezesha mwalimu wa Ilemela kusoma bila kuacha kazi wala familia. Kusini ya jiji hilohilo, katika wilaya jirani ya Nyamagana, chuo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi kilichoanzishwa na Wamisionari wa Afrika mwaka 1960 kiligeuzwa mwaka 1998 kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kutoka Kirumba asubuhi, akahudhuria mhadhara wa chuo kikuu, akarudi nyumbani jioni.

Vyuo vilipozidi kuwa vingi, lilizuka swali la ulinganifu: shahada ya chuo hiki ni sawa na ya kile? Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 iliunda Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na jibu la Tume lilikuwa hesabu. Kwa mujibu wa mfumo wake wa tuzo, shahada ya kwanza ni ngazi ya 8 na huhitaji krediti zisizopungua 360. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: za darasani, za maktabani, za mazoezi na za mitihani. Maana yake ni kwamba shahada ya miaka mitatu inakadiriwa kuwa saa 3,600 za kazi, yaani 1,200 kwa mwaka.

Hesabu imeingia pia mlangoni. Mhitimu wa kidato cha sita anatakiwa kuwa na ufaulu mkuu katika masomo mawili yanayohusiana na programu aiombayo, wenye jumla ya pointi zisizopungua 4. Mwenye stashahada hupitia mlango mwingine, kwa kupimwa wastani wa alama zake. Akishaingia, kazi zake za muhula huchangia alama pamoja na mtihani wa mwisho, kwa kawaida 40 kwa 60 katika vyuo vingi. Mwishoni alama zote hujumlishwa na kupata wastani katika kipimo cha 5. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wastani wa kuanzia 4.4 huwa daraja la kwanza, na asiyefikia 2.0 hatunukiwi.

Sifa ya mfumo huu ni uwazi. Kila jambo linahesabika, na mwanafunzi aliyeonewa anaweza kukata rufaa kwa kuonyesha tarakimu. Lakini shahidi sasa si mtahini wa ng'ambo wala jirani wa kazini. Ni jumla iliyo chini ya ukurasa. Aidha, pembeni mwa masharti ya taaluma limesimama sharti la fedha, ambalo halimo katika kanuni za shahada. Serikali ilianza kuwabebesha wanafunzi sehemu ya gharama mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mzazi auzaye dagaa Mwaloni hana haja ya kufundishwa maana ya krediti. Anaijua kwa ukubwa wa ada.

6.0 Sharti Lisiloandikwa

Lipo sharti jingine ambalo limevuka vipindi vyote vitatu bila kubadilika, nalo ndilo linalowahusu zaidi wanaisimu. London ilipoondoka, Kiingereza hakikuondoka. Musoma ilipomtaka mwanafunzi ashuhudiwe na wafanyakazi wenzake, nao wakamzungumzia kwa Kiswahili, masomo aliyokwenda kusoma yalibaki kwa Kiingereza. Krediti 360 nazo husomwa kwa Kiingereza, isipokuwa kwa wale wanaosoma Kiswahili chenyewe.

Ifikiriwe safari ya lugha ya mtoto wa Ilemela. Nyumbani yawezekana anasema Kisukuma, Kikerewe au Kijita. Shule ya msingi ya serikali humfundisha kwa Kiswahili, kama ilivyo tangu mwaka 1967. Sekondari humgeuza ghafla. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari na hatimaye chuo kikuu. Mwaka 1984 serikali haikulikubali pendekezo hilo, ingawa mwaka huohuo utafiti wa Clive Criper na William Dodd ulionyesha jinsi Kiingereza cha shuleni kilivyokuwa kimedhoofika. Hakuna kanuni inayosema kwamba shahada ya uhasibu ni kipimo cha Kiingereza. Lakini mwanafunzi anayeielewa hesabu na asiweze kuieleza kwa lugha ile atapata alama za asiyeielewa.

Hoja kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba shahada imekwisha kujibiwa kwa vitendo. Idara ya Kiswahili ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1970, ikafundisha isimu, fasihi na historia ya lugha kwa Kiswahili. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyoundwa mwaka 1964, ikaunda istilahi, na mwaka 2009 vyombo hivyo viwili viliunganishwa kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Maelfu ya walimu wamehitimu kwa njia hiyo, na hakuna anayesema kwamba shahada zao si shahada.

Wanafunzi nao wametoa jibu lao, bila kuomba ruhusa ya mtu. Katika mabweni ya vyuo vya Tanzania masharti ya shahada yana msamiati kamili wa Kiswahili. Aliyeshindwa somo ana sapu. Aliyeondolewa chuoni kwa kufeli amedisko, na kitenzi hicho hunyambuliwa bila taabu: hudisko, hajadisko, wamediskoshwa. Fedha za kujikimu ni bumu, na maandishi ya kukariria ni desa, ambayo yamezaa kudesa. Mizizi kadhaa imetoka kwenye Kiingereza cha kanuni, lakini sarufi ni ya Kibantu. Jambo la kutafakari ni mahali maneno haya yalipokusanyika. Yamekusanyika penye hofu: kufeli, kufukuzwa, kuishiwa fedha. Masharti yaliyoandikwa kwa lugha isiyo ya nyumbani yametafsiriwa kwanza na wale yanaowatisha, kwa sababu mtu hawezi kuizungumzia hofu yake usiku na mwenzake kwa lugha ya kuazima.

7.0 Hitimisho

Chanda chema huvikwa pete, wasema wahenga. Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba mgogoro haujawahi kuwa juu ya pete. Umekuwa juu ya nani aseme kwamba chanda ni chema. London ilimwamini mgeni asiyependelea, Musoma ikamwamini jirani anayemjua mtu, na zama za Tume zimeiamini hesabu. Kila mmoja aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Mfumo ulio bora hautamfukuza yeyote kati yao: utakuwa na mtahini wa nje, utakuwa na mafunzo ya vitendo yanayopimwa na watu wa kazini, na utakuwa na tarakimu zinazoweza kukatiwa rufaa.

Lakini wote watatu walimwacha nje shahidi mmoja, yule aliyeketi chini ya turubai. Hatua ya kwanza ya kumrudisha ni ndogo na haihitaji sera mpya: kila chuo kichapishe masharti ya shahada zake kwa Kiswahili pia, kwa istilahi ambazo zimekwisha kuundwa, ili mzazi wa Kirumba aweze kuyasoma au kusomewa. Hatua ya pili, ya kufundishia, itaendelea kujadiliwa, na mjadala huo ni mrefu. Hata hivyo, jamii iliyochagua kuiita digrii shahada ilikwisha kuahidi kwamba tuzo hiyo itakuwa kauli inayotolewa mbele yake. Ushahidi hutolewa kwa lugha ambayo baraza linaisikia. Ukitolewa kwa nyingine, baraza hupiga vigelegele, kisha hurudi nyumbani bila kujua limeshuhudia nini.